Ramani ya vita mezani: kazi ambayo Nasser Road haikuizoea

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kufika Kampala anaifahamu Nasser Road. Hapo ndipo zinapochapwa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za ukutani, lebo za maji ya chupa na mabango ya wagombea ubunge. Watu hutoka Katuna, Mutukula, Malaba na Mpondwe, kila mmoja na flashi yake mfukoni, na jioni wanarudi kwao na furushi begani.

Mimi nilikata karatasi katika barabara hiyo kwa miaka saba kabla ya kushika kalamu, na nilidhani nimekwisha kuona kila aina ya kazi. Lakini mwaka 2017 nililetewa kazi ambayo maduka matatu yalikuwa yameikataa. Ilikuwa ramani ya vita, upana mita moja, urefu mita moja na sentimita ishirini.

Mwenye kazi alikuwa mwalimu wa historia, Mkongomani wa Bukavu, aliyeishi miaka mingi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Alikuwa amekata shauri kurudi kwao. Kule kambini mgeni mmoja alimfundisha mchezo wa vita, ule unaochezwa juu ya ramani kwa kete za karatasi ngumu, naye akaamua kutunga wa kwake kuhusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilivyopiganwa Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918. Ramani aliichora usiku, kwenye kompyuta ya kuazima. Kilichobaki kilikuwa kuichapa, na basi lake lilikuwa linaondoka baada ya siku tatu.

Duka la kwanza waliona kwenye skrini bendera za majeshi, mishale na mipaka, wakafunga faili. La pili walimtaka alete barua ya polisi. La tatu hawakumpa hata sababu. Nami siwalaumu. Katika nchi zetu mtu akionekana na ramani kubwa yenye alama za vikosi, hakuna anayefikiri kwanza kuhusu mchezo. Wewe msomaji unayevuka mpaka kila wiki unajua jinsi karatasi moja isiyoeleweka inavyoweza kukugharimu siku nzima.

Mchezo wenyewe si wa jana

Mchezo huu ulianzia Prussia, nchi ambayo baadaye ilikuwa sehemu kubwa ya Ujerumani. Mwaka 1812 bwana mmoja aitwaye von Reisswitz alimpelekea mfalme meza kubwa yenye vipande vya ardhi vilivyofinyangwa: vilima, mito, barabara. Ilikuwa meza nzuri, ila nani angeibeba? Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, ndiye aliyetatua tatizo hilo. Mwaka 1824 aliiacha meza, akatumia ramani za karatasi kwa kipimo cha moja kwa 8,000, na maofisa wa jeshi wakaanza kujifunzia vita juu yake. Kwa maneno mengine, mchezo ulienea pale ulipokuwa kitu cha kuchapwa, kukunjwa na kusafirishwa.

Kwa raia wa kawaida ulikuja baadaye sana. Mmarekani Charles Roberts aliuza mchezo wake wa kwanza mwaka 1954, kisha mwaka 1958 akaanzisha kampuni ya Avalon Hill. Kampuni nyingine ya New York, SPI, ilichapa michezo mingi katika miaka ya 1970, na ramani zake zilizoeleka kwa kipimo cha inchi 22 kwa 34. Mchezo mkubwa ulikuwa na karatasi kadhaa za kuunganisha. Ule wa vita vya Ulaya uliotoka mwaka 1976 ulikuwa na ramani tisa, na ule wa Afrika Kaskazini wa mwaka 1979 ulihitaji meza ya karibu mita tatu, wachezaji kumi na saa zinazokadiriwa kufika 1,500. Humo mna kanuni kwamba askari wa Italia wapewe maji ya ziada ya kuchemshia tambi zao! Mwalimu aliponisimulia hilo tulicheka sana. Hata hivyo, kicheko hicho kilikuja kuturudia baadaye kwa sura nyingine, kama utakavyoona.

Kwa nini pembesita

Ukiitazama ramani ya namna hii utaona imefunikwa na vyumba vyenye pembe sita, kama sega la nyuki. Michezo ya kwanza ilitumia miraba, kama bao la drafti. Tatizo la mraba ni kwamba ukienda kwa pembe unasafiri mbali zaidi kuliko ukienda moja kwa moja, karibu mara moja na nusu, na bado unahesabiwa hatua moja. Pembesita hazina udanganyifu huo, kwani jirani zako wote sita wako umbali ule ule. Ndiyo maana tangu mwaka 1961 Avalon Hill ilizichukua, na wengi wakafuata.

Mwalimu alikuwa amepanga kila pembesita iwe kilomita 25 za ardhi na milimita 18 za karatasi. Kete zake zilikuwa za milimita 15, kwa hiyo kila moja ilibakiwa na nafasi ndogo ya kidole. Kutoka magharibi ya Bukavu hadi pwani ya Bahari ya Hindi, na kutoka Kampala hadi ng'ambo ya Mto Ruvuma, alipata karibu pembesita 3,500. Ukipiga hesabu, ramani peke yake inakaribia mita moja kila upande. Ongeza jedwali la miezi na sehemu ya kuweka kete za akiba, ndipo unapata ile mita moja na ishirini.

Hapo ndipo ugomvi na mashine unapoanza. Plota nyingi za karatasi zinazotumiwa na wachora ramani za majengo hubeba roli la inchi 36, yaani milimita 914. Ramani ya mita moja haiingii. Ukimwachia kijana wa duka bila kumwambia kitu, atabofya pale palipoandikwa kurasa itoshee karatasi, na mashine itaipunguza kimyakimya. Kwa bango la mgombea hakuna atakayegundua. Kwa ramani ya mchezo, pembesita ya milimita 18 inakuwa ya 16 na kidogo, kete zinapandana, na kila mtu mezani anagusa jeshi la mwenzake.

Mbaya zaidi ni kuichapa nusu mbili kwenye mashine mbili tofauti. Tofauti ya asilimia tatu tu, katika urefu wa mita moja, ni sentimita tatu nzima. Reli inayotoka Dar es Salaam inafika mahali pa kuungia na kukuta Kigoma imehama.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomshauri lilikuwa kuchora pembeni mwa ramani mstari wa sentimita kumi kamili. Ukishachapiwa, kabla ya kutoa pesa, weka rula juu ya mstari huo. Ukiwa sentimita tisa na nusu, hiyo si kazi yako, wachape upya. Nasema hivi pia kwa wewe unayechapisha lebo za chupa au mifuko: rula haibishaniwi.

Ziwa Kivu la zambarau

Jambo la pili ni uzito wa faili. Ramani ya ukubwa ule, ukitaka nukta 300 kwa kila inchi kama kitabu cha picha, inakuwa na pikseli zaidi ya milioni 160, na kompyuta ya kuazima haiwezi hata kuifungua. Nukta 150 zinatosha kabisa kwa kitu kinachotazamwa na mtu aliyesimama au kuketi mezani, na faili linapungua hadi robo. Mwalimu kwa bahati alikuwa amechora kwa mistari ya hesabu, si kwa nukta, hivyo herufi zake zilibaki kali hata zikikuzwa. Picha ya vivuli vya milima tu ndiyo iliyokuwa ya nukta.

La tatu ni rangi. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine hutengeneza kwa wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Buluu kali inayopendeza kwenye skrini, ikiwa na majenta nyingi ndani yake, hutoka zambarau kwenye karatasi. Tulipochapa kipande cha majaribio cha ukubwa wa A4, Ziwa Kivu lilitoka kama juisi ya zabibu. Mwalimu alishika kichwa. Tulipunguza majenta mara mbili, na ziwa likarudi kuwa ziwa. Gharama ya kipande hicho ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na kuharibu mita nzima.

Halafu kuna swali la kuchapia juu ya nini. Karatasi inapendeza na kusomeka vizuri, lakini hunywa unyevu wa masika na kutanuka, na ukiikunja mara nyingi inachanika kwenye mikunjo. Ukiipiga laminesheni ya kung'aa, taa ya juu inamulika na mchezaji mmoja hasomi kitu. Afadhali ile isiyong'aa. Turubai la plastiki la mabango halichaniki wala haliogopi chai iliyomwagika, na mashine zake ni pana, hivyo mita moja ni kazi ndogo. Dosari yake ni kwamba wino husambaa kidogo na herufi ndogo hufifia. Pia usilikunje kama shuka, kwa sababu mkunjo huacha alama nyeupe isiyofutika. Lizungushe juu ya bomba.

Kwa safari ya basi kutoka Kampala hadi Bukavu tulichagua turubai, tukakuza majina yote madogo.

Swali la mzee wa mashine

Duka lililokubali kazi lilikuwa na mzee mmoja, mzaliwa wa Kabale, aliyezoea kuendesha mashine huku redio ikiimba. Alizima redio. Aliinama juu ya skrini kwa muda mrefu, akifuata kwa kidole njia ya Wabelgiji walivyoingia Rwanda Aprili 1916, wakashika Kigali mwezi wa tano, na kufika Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo chini ya Jenerali Tombeur.

“Mwalimu,” alisema, “hawa askari wako wanakula nini?”

Mwalimu alimwonyesha reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, na meli ya Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, ile ile ambayo Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 na baadaye ikaibuliwa na kuitwa Liemba.

“Reli hiyo ni ya Mjerumani. Huyu Mbelgiji anayetoka Kivu, mzigo wake unabebwa na nani?”

Kimya. Kwenye ramani hapakuwa na mtu wa kubeba. Kulikuwa na makampuni ya askari, mizinga, meli na makamanda wenye majina yao. Mzee alitueleza kwamba babu yake mzaa baba alichukuliwa mwaka 1916 kubeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji na hakurudi, wala familia haikuambiwa alipozikwa. Jambo hilo lina ushahidi wake katika historia: mwaka huo Uganda ilitoa kikosi cha wapagazi wa kuwahudumia Wabelgiji, kikaitwa Carbel. Kwa upande wa Waingereza inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walitumika kama wapagazi katika vita hivyo, na waliokufa wanahesabiwa zaidi ya 95,000. Wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako wengi wenu mnanunua bidhaa, imepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Katika kaskazini ya Rwanda wazee wanaikumbuka njaa ya Rumanura iliyofuata majeshi kupita na kula mashamba.

Tukachukua karatasi tukapiga hesabu. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25, anatembea kilomita 20 kwa siku na anakula kilo moja. Kutoka Bukavu hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 500 kwa mstari ulionyooka, yaani pembesita 21. Ni siku 26. Mtu huyo anafika Tabora akiwa amekwisha kula mzigo wote aliopewa, na bado hajaanza kurudi. Mfanyabiashara wa mpakani haihitaji hesabu hii aelezwe mara mbili, maana anajua safari ambayo nauli inameza mtaji. Tofauti ni kwamba hapa kilichomezwa kilikuwa watu. Ama walipewa chakula nusu, ama chakula kilichukuliwa vijijini walikopita, ama walibadilishwa na wengine waliokamatwa njiani. Yote matatu yalitokea.

Mwalimu alichomoa flashi yake. Alisema hachapi.

Nilimkumbusha kuhusu tiketi ya basi. Akajibu kwamba atakwenda na basi la wiki ijayo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa gharama kubwa kwa mtu anayehesabu shilingi, lakini ndio ulioifanya ramani ile iwe na maana. Michezo ya aina hii hukumbuka tambi za Mwitaliano na kumsahau aliyebeba sufuria.

Majina na mipaka

Alirudi baada ya siku nne na faili jipya. Pembesita zilizo mbali na reli au ziwa sasa zilikuwa na rangi iliyozidi kukolea kadiri unavyojitenga, na kila rangi ilikuwa na bei yake kwa wapagazi. Aliongeza kete za kahawia 60 za wapagazi, na chini ya ramani akaweka mstari wa kuhesabia waliokufa. Kanuni yake ilikuwa fupi: mchezaji anayeshika mji lakini amemaliza wapagazi wake hapati alama za mji huo.

Alibadilisha pia majina. Mwanzo aliandika ya Kijerumani tu, Bismarckburg, Wilhelmstal, Neu-Langenburg. Mzee alimuuliza ni mtoto gani wa Bukavu atakayejua hizo ni Kasanga, Lushoto na Tukuyu. Sasa la leo likaandikwa kubwa, la zamani likawekwa chini yake kwa herufi nyembamba.

Mpaka ndio uliotupa taabu zaidi. Katika mchezo, mpaka hupita kwenye kingo za pembesita, si katikati yake. Lakini Bukavu na Shangugu, hali kadhalika Goma na Gisenyi, ziko karibu kiasi kwamba kwa kipimo cha kilomita 25 kila jozi inaangukia chumba kimoja. Ukiziacha pamoja, Mbelgiji na Mjerumani wanalala nyumba moja mwezi Agosti 1914. Ukizitenganisha, unasema kwamba mama anayevuka na beseni la nyanya kichwani kwa dakika kumi ametembea kilomita 25. Mwalimu alizitenganisha, kwa shingo upande, akisukuma Bukavu na Goma chumba kimoja kuelekea magharibi. Pembeni aliandika maelezo kwamba miji hiyo inatazamana. Mpaka wenyewe, aliongeza, ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, miaka minne tu kabla ya watu kuanza kufa kwa ajili yake.

Kuvuka nayo

Kuhusu zile hofu za maduka, dawa ilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Juu ya ramani tuliweka kichwa chenye herufi za sentimita tatu, kwa Kiswahili na Kifaransa: MCHEZO WA DARASANI, AFRIKA MASHARIKI 1914–1918. Mwaka ukionekana kwa mbali, nusu ya maswali inakwisha. Bendera zilikuwa za tawala ambazo hazipo tena, nasi tukaondoa mishale yote, kwa sababu mishale ndiyo hasa inayofanana na mipango ya leo. Mwalimu alibeba pia sanduku la kete na kitabu cha kanuni katika mfuko uleule, ili atakayefungua kimoja avione vyote.

Ulikuwa mwaka 2017, kabla mpaka wa Katuna haujafungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 2022. Alinipigia simu usiku kutoka Kigali. Alisema ofisa mmoja aliikunjua ramani yote juu ya meza ya ukaguzi, akamwita mwenzake, wakainama kwa robo saa nzima huku foleni ikinung'unika. Moyo wake ulikuwa mkononi. Hatimaye ofisa akainua uso na kuuliza kwa nini kijiji chao hakimo.

Kwa msomaji aliye mbali na Kampala au Kigali na anayetaka kujaribu, mashine kubwa si lazima. Ramani ya ukubwa wa A0 inagawanyika katika karatasi 16 za A4, ingawa mashine ndogo haichapi hadi ukingoni, hivyo tayarisha kama 20 na uache sehemu ya kupandishia gundi. Bandika kwenye kadibodi ya boksi, na panga maungio yasiangukie mahali penye mapigano mengi. Sisi wa maziwa makuu tutapata taabu kidogo kwenye shauri hilo, kwani mapigano yako mpakani na mpaka uko ukingoni mwa karatasi.

Mchezo wa kwanza Bukavu ulichukua Jumamosi tatu, wanafunzi wanane, wanne kila upande. Mwalimu aliniambia kwamba upande wa Wabelgiji ulichelewa sana kuliko historia. Mwezi Novemba 1916 ulifika na wao hawajaiona Tabora. Kisha akaniomba nimchapie kete nyingine za kahawia na kuzituma kwa basi, kwa kuwa zile 60 zilikwisha kabla jeshi halijafika Kigoma.